Dawa za Mama Ngalula

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na koti jeupe lililonifika magotini. Ilikuwa Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule, katika hospitali ndogo karibu na kambi ya wafanyakazi. Nilikuwa na elimu ya msingi tu, niliandika polepole, na niliona haya hata kumwamkia mgonjwa. Mkuu wa wauguzi, tuliyemwita Chef, alinitazama juu na chini.

"Weye unaogopa bantu," akasema. "Muzuri. Mwenye kuogopa hafanyake haraka."

Baadaye alinitoa kwenye ndoo, akanifundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwa kushika kifundo cha mkono. Akaniweka chumba cha wazee.

Figo za mzee, alitufundisha, zinatoa dawa mwilini polepole. Kipimo cha kijana kitarundikana ndani ya mzee. Kwa hiyo tulianza na kidogo, tukangoja, ndipo tukaongeza. Dawa aliyoiogopa kuliko zote ni dijitalini, matone ya moyo yanayotengenezwa kwa mmea. Inatibu kweli, lakini kipimo cha kutibu na kipimo cha kuua vinakaribiana sana. Kabla ya kutoa tone lolote tulihesabu mapigo. Yakiwa chini ya sitini kwa dakika, chupa ilirudi kabatini.

Kisha ikaja Sécession. Katanga, jimbo letu, ilijitenga, madaktari wengi Wazungu wakaondoka, dawa zikaadimika. Watu wa asili ya Kasai, jimbo jirani, walihesabiwa wageni, wakatembea mjini kwa woga, maana kwenye vizuizi askari waliwauliza majina na kuwatukana.

Siku hizo aliletwa Mama Ngalula, mjane wa fundi wa reli, mtu wa Kasai. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi ilikuwa fupi. Dokta wetu, mmoja aliyebaki, alimwandikia matone machache. Mwanzoni alipata nafuu. Halafu akaanza kutapika, akakataa bukari, ugali wetu, akasema shuka zote zimekuwa manjano. Nilimshika mkono, mapigo yalikuwa yanajikokota.

Dokta alielewa mara moja. "Dijitalini imemzidi. Simamisheni."

Tulisimamisha. Siku zikapita, na mapigo badala ya kupanda yakashuka. Dokta akatuambia waziwazi kwamba yakiendelea hivyo moyo utasimama.

Tulikuwa tumemwuliza Mama Ngalula anakunywa dawa gani, naye alijibu kila mara, "Paka ya hapa," maana yake ya hospitali tu. Chef akaja, akaketi kando ya kitanda, akauliza swali lingine.

"Mama, nani anakuletea dawa?"

Akatazama mlango kwanza. "Batoto."

"Batoto gani?"

"Bote babili."

Mwanawe Kabeya alikuwa mpishi wa Mzungu aliyekimbia. Bwana yule alikuwa na ugonjwa wa moyo, na Kabeya alikuta matone yake yamebaki kabatini. Kapinga, binti wa Mama Ngalula, aliletewa vidonge kutoka misheni ya Kilwa ya Katanga, kwenye lori la samaki. Majina ya dawa hizo yalikuwa tofauti, moja ya maji na nyingine ya kumeza, lakini zote mbili zilikuwa dijitalini.

"Na weye ulikunywa zote?" Chef akauliza.

"Kabeya anapita ku barrière, baaskari banamutukana, juu ya kuniletea dawa. Nimwambie sitaki? Na nikikunywa ya Kabeya, nitupe ya Kapinga? Atalia, atasema simupendi."

Chef hakumgombeza. Aliwangoja watoto saa ya kuangalia wagonjwa, akawaeleza. Kabeya akapandisha sauti.

"Chef, unasema miye njo naua mama yangu?"

"Nasema dawa iko moja, na mama anaikunywa mara mbili juu ya kuwapenda."

"Sasa nitaleta nini? Maua, kama Bazungu?"

Kapinga alikuwa analia, lakini hapo alicheka. "Maua! Weye hata mboga hauletake!"

"Mboga utaleta weye, Kapinga," Chef akasema. "Lengalenga, bila chumvi. Samaki ya chumvi hapana, itamuvimbisha miguu tena. Kabeya utamushika mama mukono, utamutembeza mpaka ku veranda."

"Kabeya?" Mama Ngalula akainua kichwa. "Tangu aoe hajashika mukono yangu!"

Tukangoja. Asubuhi moja mapigo yalipita sitini. Nilihesabu tena, kisha nikamwita Chef kwa sauti iliyosikika chumba kizima, mimi ambaye sikuthubutu kupaza sauti. Mama Ngalula aliondoka kwa miguu yake, ameegemea mkono wa Kabeya, akimlalamikia kwamba anatembea haraka.

Baadaye nilitumwa Kilwa, kisha Pweto, na nilistaafu Lukafu. Nilikuwa chini ya wakubwa wengi, wakali na wapole, lakini kila mzee aliyekuja kwangu nilimwuliza kwa maneno ya Chef. Ninyi vijana mnaojifunza uuguzi, ulizeni hivyo pia. Mzee atasahau jina la dawa, lakini hasahau nani aliyemletea.

Sasa mzee ni mimi. Juzi binti yangu alinitumia kutoka mjini vidonge vya magoti, na zahanati ilikuwa imekwisha kunipa vya aina hiyo. Nilivishika mkononi muda mrefu. Sikujua zamani kwamba kukataa ni vigumu kiasi hiki. Mwishowe nilimtumia ujumbe kwamba dawa ninazo, aje yeye mwenyewe. Alikuja Jumapili mikono mitupu, akasema nimekonda, akaingia jikoni kusonga bukari.