Mama Bilonda na Mwani Wenye Njaa

Mama Bilonda wa Musonoi hajawahi kumwacha mtu atoke kwake na tumbo tupu. Hata fundi aliyekuja kumwambia kwamba redio yake haitengenezeki alikula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, akaongezewa. Mama huyo ndiye niliyemkabidhi mwani wa kijani katika maabara yetu ndogo ya chuo, Kolwezi. Kosa ni langu.

Alikuwa mfagiaji, lakini mwani ulimpenda. Kila chupa aliyoishika ilizidi ukijani, naye akauita "batoto".

Tulitaka mwani utupe gesi ya haidrojeni; tatizo ni kwamba mwani ulioshiba hautoi. Lazima unyimwe chumvi yenye salfa, ufungiwe kizibo hewa isiingie, ukae juani. Ukibanwa na njaa hivyo ndipo hutoa ile gesi inayowaka bila moshi. Tulijaribu mara mbili, tukaambulia patupu. Mkurugenzi, mzee tunayemwita tata Symphorien, akasema jaribio la tatu likishindwa, chumba kitakuwa ghala na Mama Bilonda atarudi kwenye ufagio.

Tukaanza la tatu. Kesho yake mchana nilirudi kuchukua mwavuli, nikamkuta amefungua kizibo, ameshika kijiko cha chumvi.

"Mama! Kumbe ni wewe!"

"Mi nilibapa kidogo tu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Batoto banageuka rangi. Nibaangalie tu banakufa na njala?"

Nilikasirika. Halafu nikacheka, kwani nani angeshuku huruma? Nikamweleza kwamba hawafi, kwamba tukianza upya ni siku nne tu, kisha watakula.

Akafikiri. "Bon. Lakini babo peke yao, hapana. Mi pia nitafunga."

Nilidhani anatania. Siku nne alikaa mbele ya zile chupa, hali kitu mpaka jua lizame, akizikemea kwa upole: "Mubumilie, banangu, mi pia niko na njala." Siku ya tatu vipovu vikaanza kupanda. Siku ya nne tata Symphorien alisogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye mdomo wa mrija uliotoka kwenye kizibo. Pap! Akaruka nyuma, miwani ikamdondoka, nami nikapiga vigelegele kama niko harusini.

"Chumba kinabaki," akasema, akipapasa sakafu. "Na mama anabaki."

Mama Bilonda alikuwa tayari anawatilia batoto wake chumvi, kijiko baada ya kijiko. Walipokwisha kupata wote, akavuta sufuria kutoka chini ya meza, bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya kututosha sote watatu.

"Sasa tukule," akasema.

Alikuwa amepika alfajiri, kabla hajajua kama kazi yake itapona.