Yowe Lililozunguka Mbuga

Wiki iliyopita jirani yangu aliona nyoka jikoni kwake, akapiga yowe. Halikuwa yowe la watu wa mjini, lile la kutaja majina ya watakatifu huku mtu anakimbia. Lilikuwa yowe lenyewe, refu, la kutoka tumboni, kiganja kikipigapiga mdomo mpaka sauti inakatikakatika. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai. Kabla sijajua nafanya nini, mwenzenu nilikuwa nimeshasimama kizingitini, na uzee wangu huu na magoti yangu haya, nimelipokea yowe lile na kulipeleka mbele kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. Wajukuu walikuja mbio wakidhani bibi ameanguka.

Ninyi mnaonijua mnanijua kama yule mwalimu wa chuo kikuu aliyemaliza maisha yake akifundisha habari za ulimwengu mzima: ulianzaje, una umbo gani, unatanuka kuelekea wapi. Kosmolojia, ndilo jina lake la darasani. Watu huniuliza nilianzia wapi, nami huwajibu kwamba nilianzia kwenye hesabu, kwa sababu jibu hilo ni fupi na halina maswali. Leo nitawaambia ukweli, ila msinicheke. Nilianzia kwenye yowe, nikiwa mtoto, kwetu Usukuma, upande wa Shinyanga, miaka ile ya baada ya nzige.

Kwetu hatukuwa na kijiji cha nyumba zilizobanana. Kila mji, yaani makazi ya familia moja, ulikaa peke yake juu ya mwinuko, umezungushiwa ua wa minyaa, na kutoka mji mmoja hadi mwingine ilikuwa mwendo wa kutokwa jasho. Miinuko hiyo ilizunguka mbuga moja kubwa ya udongo mweusi, ule ambao masika hunasa miguu na kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Asubuhi nilipokuwa nikitwanga mtama niliweza kuona moshi wa miji ya mbali ng'ambo ya mbuga, mwembamba kama uzi, na nilikuwa nikijiuliza kama nao wana msichana anayetwanga huku akitazama moshi wetu. Upande wa magharibi tu ndiko hakukuwa na moshi. Huko kulikuwa na pori la mbung'o. Mbung'o walikuwa wamemaliza ng'ombe wa watu, wenye miji wakahama, na tangu hapo hakuna aliyetia mguu humo bila sababu.

Mambo yakiharibika, tulikuwa na mwano. Mwano ni yowe la hatari. Ng'ombe wameibwa, simba ameingia zizini, nyumba inaungua: aliyeona anapiga mwano, anataja jambo kwa neno moja au mawili, na mji wa pili ukisikia unapokea na kuupeleka kwa wa tatu, na palipo mbali mno mtu hukimbia nao mpaka asikike. Wanaume wanachukua silaha na kukimbilia kule sauti ilikotoka. Wanawake wanabaki kuupitisha. Sheria yake ilikuwa moja: huulizi ni wa nani. Unapokea kwanza, mengine baadaye. Mtu aliyesikia mwano akaendelea kula ugali wake alitozwa faini, na aibu yake ilimfuata mpaka kwenye ngoma, maana wenzake walimtungia wimbo.

Mwaka ninaousema baba alikuwa Geita, kwenye mashimo ya dhahabu, akitafuta shilingi za kodi. Nyumbani tulibaki mama, mimi Kabula, na mdogo wangu Masanja. Masanja alikuwa mtoto mfupi mwenye tumbo la mbele na miguu isiyotulia. Kati yangu na yeye mama alikuwa amezika wawili. Ndiyo maana hakupenda hata kumwachia mtu amshike, alifanya kazi zote naye mgongoni, na watu wakimtania kwamba mtoto ameota mizizi pale, aliwajibu, "Acha aote."

Siku moja alimshusha chini kidogo tu, apepete mtama. Upepo ulikuwa mzuri na pumba zilimwingia machoni. Alipofuta uso na kugeuka, Masanja hayupo.

Tulianza kwa kumwita kwa sauti ya kawaida, kisha ile ya ukali, kisha ile ambayo mtu anajifanya hana hofu. Tukatazama ghalani, kwenye minyaa, nyuma ya mawe. Mbuzi walikuwa wamepita uani na kuvuruga nyayo zote. Mama alitaka kupiga mwano, akafungua mdomo, sauti isitoke. Nayakumbuka macho yake. Alinishika mabega akanigeuza upande wa mashariki, kwenye miji ya watu, akasema kwa kunong'ona, "Piga wewe, ng'wana wane, mwanangu. Piga!"

Nikapiga. Sijui nguvu ile niliitoa wapi. "Mtoto! Mtoto kapotea!" Halafu kutoka mji wa pili mwanamke akaipokea sauti yangu, akainyanyua, akaipeleka. Kisha mwingine, mbali zaidi. Kisha mwingine, ambaye nilimsikia kama mtu anayesikia mbu. Ikaenda ikafifia, ikatuacha.

Watu walikuja. Aliongoza baba mkubwa, Mzee Ngasa, kaka yake baba, mtu mwenye maneno mengi na mkuki mmoja. Wote tulikubaliana kwamba Masanja amekwenda upande wa mashariki, njia ya kisimani, kwa kuwa ndiyo njia aliyoijua na alipenda mno kuchezea matope ya huko. Walipekua mashamba ya mtama bua kwa bua. Walishuka mbugani wakachungulia nyufa. Mtu mmoja aliteremka kisimani, na wakati yuko chini mama alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Akapanda, akatikisa kichwa kwamba hamna.

Jua lilipoanza kuinama walirudi uani mmoja mmoja. Hakuna aliyesema neno fisi, lakini kila mtu alikuwa akilitafuna. Mama alikaa kwenye kivuli cha ghala, miguu ameinyoosha mbele, mikono imelala mapajani, viganja juu. Hakulia. Mwanamke mmoja alimletea maji, hakuyaona. Mimi nilimwogopa mama yangu siku ile, jamani, kwa sababu alikuwepo lakini hakuwepo.

Hapo ndipo tuliposikia. Upepo ulikuwa umetulia kabisa, na sauti ilitoka kule ambako haikupasa kutoka sauti yoyote: magharibi, ng'ambo ya pori la mbung'o. Ilikuwa nyembamba, lakini mwano ni mwano, haufanani na kitu kingine. "Mtoto! Mtoto kapotea!"

Watu walitazamana. "Lo! Hata wenzetu nao leo wamepotelewa," akasema mmoja. "Siku gani hii?" Kijana mwingine akasema wamechoka, tena humo kuna mbung'o, na wa kwetu bado hajapatikana, hao wa ng'ambo si wana wanaume wao? Mzee Ngasa akachomoa mkuki wake ardhini. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo laja." Lakini hata yeye hakupiga hatua.

Aliyeinuka ni mama. Alishika ukuta wa ghala, akasimama, akajifunga upya kanga kiunoni. Akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi, "Kuna mama mwenzangu huko. Twendeni." Akanishika mkono, nadhani kwa kuogopa kunipoteza na mimi, akatoka langoni akielekea porini bila kutazama nyuma. Wanaume wakamfuata. Wangefanyaje? Mwanamke aliyepotelewa ametangulia, wao wabaki wamekaa?

Ndani ya pori kulinukia utomvu wa migunga na majani makavu yaliyolala miaka bila kukanyagwa. Mbung'o walituuma mpaka kwenye kope. Tulikwenda tumejipanga safu, tukiita, na kwa kuwa hatukujua jina la mtoto wa watu tuliita tu, "Mtoto wee! Mtoto!" Mama aliita kwa nguvu kuliko wote. Kwenye mwanya wa mawe mawili mimi nilimwona kwanza mwanambuzi mdogo amelala, mweupe, kitovu bado kibichi. Mama alikuwa mbele yangu. Aliinama akasema kwa upole, vile unavyosema na mtoto usiyemjua ili asiogope, "Njoo, baba, njoo nikupeleke kwa mama yako." Akaingiza mikono nyuma ya mwanambuzi, akamtoa mtoto. Alikuwa Masanja.

Sitaweza kuwaeleza uso wa mama. Nimejaribu mara nyingi kuupatia maneno, nimeshindwa, basi niuache. Masanja alikuwa na usingizi na alikasirika kwa kuamshwa. Alikuwa amemfuata mwanambuzi, kwisha habari yake. Wanaume walipiga vigelegele vya wanawake, kwa kuwa wanawake tulikuwa wawili tu na wote tumepoteza sauti.

Nilidhani tutarudi. Mama alimfunga Masanja mgongoni, akakaza fundo, akasema, "Wangu nimempata. Sasa wa mwenzangu." Akaendelea mbele, magharibi, na jua linatupiga machoni.

Mwisho wa pori tuliwakuta watu wa ng'ambo, nao wanaingia na mikuki, wakifuata sauti zetu za kuita. Mzee Ngasa aliwasalimu haraka haraka akauliza, "Mtoto wenu mmempata?"

"Mtoto wetu yupi?" wakajibu. "Sisi watoto wetu wote wapo. Ninyi ndio tunawaletea msaada?"

"Sisi wetu huyu hapa mgongoni. Tumekuja kwa ajili ya wenu. Si mmepiga mwano?"

"Tumepiga, ndiyo, tumeupokea kutoka mwinuko wa kaskazini, kwenye yale mawe makubwa."

"Na wa kaskazini waliupata wapi?"

Mzee mmoja wao alikuwa ametoka huko huko akikimbia na mwano. Alisema kaskazini waliupokea kutoka kwa watu wa minazi ya mwitu, na wale waliupokea kutoka ng'ambo ya mbuga, mashariki. Mzee Ngasa akanyanyua kidole. Akaanza na mwinuko wa kaskazini, akakipeleka taratibu, akitaja kila mji kwa jina la mwenye mji, akizunguka pale pale alipo, mashariki, kusini-mashariki, kisimani, mji wa jirani yetu. Sote tulikifuata kile kidole kwa macho. Kikaja, kikaja, kikatua kifuani pangu.

"Ni huyu," akasema.

Halafu mtu mmoja alicheka, na kicheko kikawaambukiza wote mpaka Mzee Ngasa akakaa chini na mkuki wake. Mimi sikucheka. Nilisisimka mwili mzima. Nilikuwa nimeitupa sauti yangu mbele, ikazunguka nchi yote niliyoijua, ikanirudia mgongoni, nami sikuitambua. Iliondoka na koo langu, ikarudi na koo la mwanamke ambaye sikumwona maishani, na bado ilikuwa ile ile. Nilitazama mbuga, miinuko, mbingu juu yake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba vyote vilikuwa vimeshikana. Niliogopa, na nilitaka kuogopa hivyo tena.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nchi ya baridi, nimekaa darasani na koti, mwanamke peke yangu, mweusi peke yangu. Mwalimu alikuwa akitueleza kwamba huenda ulimwengu hauna ukingo na bado una kikomo. Kwamba nuru ikitoka hapa, ikienda moja kwa moja bila kupinda, yawezekana siku moja ikatokea nyuma yako. Wenzangu walikunja nyuso. Mimi nilicheka kwa sauti. Akaniuliza nini kinanichekesha. Nikamwambia mahali hapo nimeshafika.

Basi hiyo ikawa kazi yangu. Nimeandika makaratasi mengi ya hesabu juu ya umbo la ulimwengu, na nimefundisha vijana kutafuta kwenye ile nuru kongwe iliyobaki tangu mwanzo, kama kuna mahali inajirudia, kama kuna kona ya mbingu ambapo tunajiona wenyewe bila kujitambua. Hatujaipata. Wanafunzi wananiuliza, "Mwalimu, na isipokuwepo?" Nawaambia waendelee kusikiliza.

Nilipokwenda likizo nyumbani, mama akiwa mzee sana, nilikaa naye uani akikata viazi vitamu vya kuanika juani kuwa michembe. Nilimweleza kwa Kisukuma chetu kwamba huenda mbingu yote iko kama mbuga yetu, na mtu akipiga yowe upande mmoja litamrudia upande wa pili, kama lile la siku ya Masanja. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akistaajabu. Aliendelea kukata viazi. Kisha akasema, bila kunyanyua kichwa, "Mimi ningejua kwamba ile ni sauti yetu, nisingeinuka."

Nikamwuliza kwa nini.

"Nguvu zilikuwa zimekwisha," akasema. "Wa kwangu nilishamwacha."

Kisu kikaendelea. Miaka yote hiyo nilikuwa nimestaajabia sauti, ilivyokwenda na ilivyorudi, na sikuwahi kumtazama vizuri mwanamke aliyeisikia. Pale chini ya ghala mama alikuwa amekwisha kumzika Masanja moyoni, kama alivyowazika wale wawili. Aliyeshika ukuta akasimama alikuwa anakwenda kumtafuta mtoto asiyemjua, wa mwanamke asiyemjua.