Maembe ya Wakwe Kwenye Friji ya Nyama
Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini bucha yangu hapa Kitale ndiyo ya kwanza kuwa na friji kubwa. Nani angenifundisha baridi?

Tulikuwa tunaenda Bungoma kumposea mwanangu Wafula. Wiki mbili kabla, nikanunua maembe mabichi, nikayapanga kando ya nyama, baridi hadi mwisho.

"Baba Wafula," mama muuza matunda akanionya, "embe inataka baridi kidogo tu. Hiyo ya nyama itaiua."

"Nyama yenyewe haijalalamika, embe ni nani?"

Siku tatu kabla ya safari nikayatoa yaive. Wapi! Nikawa nayabonyeza asubuhi, mchana, jioni, na yanazidi tu kuota madoa meusi. Nikayabeba hivyo hivyo.

Kwa wakwe sikutulia kitini. Nikajisifu kwamba hayo madoa ni ya mbegu ya kisasa. Shangazi wa msichana akachukua kisu, akapasua moja mbele ya wazee. Ndani lilikuwa gumu, la kahawia, halina hata harufu.

Akaniangalia. "Sasa bana, na huyu msichana wetu mkimpeleka Kitale, si mtamtunza hivi hivi?"