Usitupe Maktaba Yako Katika Folda ya Wote

Ninaikumbuka siku moja ya mvua hapa Makiso, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo unachemka. Kaa. Leo sitakuchekea. Nimesikia ulivyotupa maktaba yako asubuhi kwenye folda ya wote ya seva, na ukicheka na nyani utavuna mabua.

Nilikuwa msichana wa umri wako, fundi wa kompyuta katika hospitali moja. Seva yetu ilikuwa moja tu, na ilibeba programu mbili: ya maabara, yenye majibu ya damu za wagonjwa, na ya famasi. Ya maabara niliitunza mimi. Ya famasi aliitunza mwenzangu Didier, kijana mwenye akili, sikatai, ila akili ya mbio. Mkubwa wetu alikuwa Papa Shabani, mzee mpole mwenye asili ya Maniema.

Siku hiyo Didier alitaka maktaba mpya ya Java, yaani faili la msimbo ulioandikwa tayari, ile inayounganisha programu na hifadhidata. Sasa, kila programu ina folda yake ya maktaba, iitwayo lib, ndani kabisa, na ukitia maktaba humo ni yake peke yake. Lakini seva nayo ina folda ya lib ya wote. Didier akaenda kwenye ya wote. Akafuta maktaba ya zamani, akaweka yake, akazima seva na kuiwasha tena mchana kweupe, bila kumwambia mtu. Programu ya famasi ikatembea. Ya maabara, iliyotegemea ile ya zamani, ikafa papo hapo.

Wodi ya uzazi kulikuwa na mama anayevuja damu. Daktari anaomba kundi lake la damu, kompyuta haitoi kitu. Mumewe, mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akaja mpaka mlangoni kwetu analia, shati limelowa.

"Batoto yangu, mufanye mbio," akasema. "Bibi yangu iko nakufa."

Nilimgeukia Didier. "Uligusa nini?"

"Mi hapana gusa kitu. Kwangu iko natembea."

Kwangu inatembea! Neno hilo nalichukia mpaka leo. Mimi napekua kumbukumbu za makosa, na yeye amekaa pale, anajua, ananyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilipofungua folda ya wote nikaikuta maktaba ngeni, ya siku ile ile. Nikairudisha ya zamani kutoka kwenye nakala ya akiba, nikaiwasha seva. Maabara walikuwa wamekwisha kuanza kupima upya. Damu ilifika, imechelewa. Mama alipona. Mtoto hakupona. Daktari hakusema ni kwa sababu yetu, wala hakusema si kwa sababu yetu.

Nikamkwida Didier shati. Papa Shabani, aliyeona yote, akatutenganisha, kisha mpole yule akanguruma, kitu ambacho sikuwahi kukisikia.

"Weye Didier, kukosa iko ya mutu. Lakini ulimuona ule papa analia, na ukafunga kinywa! Ile iko ya shetani. Simama. Twende kwake, utasema weye mwenyewe."

Akaenda naye, bega kwa bega. Mimi nilibaki, nikilia kwa hasira.

Basi sikia. Maktaba ya programu yako iweke ndani ya programu yako, katika WEB-INF/lib, ile folda yake ya ndani. Folda ya wote usiiguse mpaka umewauliza wote wanaoitegemea, maana samaki mmoja akioza, wote wameoza. Usifute cha zamani kabla ya kukiwekea nakala. Usizime seva watu wakiwa kazini. Na ukivunja, sema kabla hujaulizwa. Nitakukaripia, ndiyo, tena sana, lakini nitakaa nawe mpaka irekebishike. Ukinyamaza, usije kwangu tena.

Nenda sasa ukatengeneze. Mungu akupe mikono mitulivu na kinywa kisichoogopa ukweli, na kazi yako iwe shifaa kwa watu usiowajua. Amina.