Kiingereza cha Kutembea

Enzi zetu Kiingereza kilikaririwa. Nyinyi mliosoma Kanyangi na kandokando yake mnakumbuka: mikono juu ya dawati, macho ubaoni, na Mwalimu Mutisya akipita katikati yetu, kiboko nyuma ya mgongo. Tuliimba kitenzi kimoja asubuhi nzima, mimi, wewe, yeye, sisi, mpaka nadhani mbuzi waliokuwa wakila nje ya dirisha nao walikijua. Maana yake hatukuambiwa. Kuuliza maana kulikuwa utovu wa adabu.

Mateso yangu yalikuwa kukaa. Mama alisema nilizaliwa nimekalia siafu. Hata sasa ninapoandika haya nimeinuka kutazama sufuria ya mahindi ya muthokoi, nikarudi, nikainuka tena kufukuza kuku, na hakukuwa na kuku. Basi fikirini mtoto wa namna hiyo amebanwa dawatini asubuhi nzima. Nilichapwa zaidi kwa kutikisa mguu kuliko nilivyochapwa kwa kukosea.

Tukaingia darasa la nne. Mwajua uzito wake: mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani, na aliyeanguka alirudi nyumbani. Kwa msichana, nyumbani maana yake ilikuwa maji, kuni, halafu mume. Baba yangu, mzee wa kanisa na mwanakamati wa shule, hakunificha. "Ukianguka, Syombua, usije ukanililia. Punda anakungoja pale mtoni."

Mwalimu wetu mpya aliitwa Kilonzo, kijana aliyetoka chuo cha ualimu juzi tu, kaptura imepigwa pasi, soksi hadi magotini. Siku ya kwanza aligeuza ubao ukatazama ukuta, akatuambia tusimame. Ufundishaji wake ulikuwa hivi: unasema unachokifanya huku unakifanya. Ukienda mlangoni, sema unaenda mlangoni. Ukiufungua, sema unaufungua. Kikamba marufuku, na kanuni hazielezwi. Alisema zitaingia zenyewe kupitia miguuni. Ulisonga mbele hivyo, sentensi baada ya sentensi, mpaka yeye apige kofi moja la mikono. Kabla ya kofi, hukuruhusiwa kukoma.

Jamani, nilipona! Tulichota maji katika mto usiokuwepo, tukanywa uji usiokuwepo, tukamkamua ng'ombe ambaye alikuwa mwenzetu Musembi amepiga magoti. Nilikwenda shule mbio, na jioni nilifagia uwanja wa nyumbani nikijisimulia kwa Kiingereza kila ninapofagia.

Tatizo lilikuwa siku za soko. Wazazi waliokuwa wakipita walichungulia dirishani na kuona watoto wakizunguka darasani wakiongea peke yao. Habari ikaenea. Baba alirudi nyumbani amefura. "Mtihani ni wa kuandika," alimwambia mama, "na hawa wanakamua ng'ombe hewa! Huyo mwalimu anawafundisha wazimu."

Kamati ikakaa, ikataka Kilonzo aondolewe. Mwalimu mkuu aliwasihi wangoje kwanza mkaguzi aje, aone, aseme. Kwa hiyo kazi ya Mwalimu Kilonzo ilining'inia kwenye ziara hiyo moja, na sisi watoto tulilijua hilo, maana kijijini siri haina pa kulala.

Mkaguzi akaja, mzungu mrefu mwenye kiko, akaketi nyuma ya darasa. Mwalimu aliniita mimi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na nilimhurumia. Nikaenda mlangoni, nikisema ninaenda mlangoni. Nikaufungua, nikisema ninaufungua. Nikategea sikio kofi. Kimya. Maskini, alikuwa amefumbata mikono nyuma kwa heshima ya mzungu, akaisahau huko huko.

Ningefanya nini? Nikatoka nje.

Nilivuka kiwanja nikiongea. Kufika barabarani, sentensi nilizofundishwa zikaniishia, nikaanza kujitungia zangu: kwamba mbuzi anakula ua wa shule, kwamba jua ni kali, kwamba ninaenda sokoni na ninaogopa, na hakuna mtu anayenizuia. Sikujua kwamba mkaguzi alikuwa ameinuka na kunifuata, kofia mkononi. Mwalimu mkuu, aliyefuatana naye, alitusimulia baadaye jinsi mzungu huyo alivyokuwa akirudia njia nzima kwamba sentensi hizo hakuna aliyemfundisha huyu mtoto, amezitunga mwenyewe. Nyuma yake alikuja Kilonzo, na nyuma ya Kilonzo darasa zima, kila mmoja akitangaza kwa Kiingereza kwamba anatembea.

Baba alikuwa akilima shambani kwetu, kando ya barabara hiyo hiyo. Akaona bintiye akibwabwaja peke yake, mzungu nyuma. Akatupa jembe.

"Aiyai! Mwanangu ameharibika! Mshikeni huyo mtoto!"

Nikageuka nikamjibu kwa adabu zangu zote, lakini kwa Kiingereza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Baba hakuhitaji shahidi mwingine.

Mkaguzi alimpa Mwalimu Kilonzo mkono mbele yetu, akamsifu, kisha akapanda gari lake akarudi Kitui. Kamati haikuwa na gari. Kamati ilikuwa inaishi pale pale. Muhula ulipofungwa, Kilonzo alipelekwa Mutomo. Sanduku lake lilipakiwa kwenye lori la mahindi, na tulilikimbilia mpaka vumbi likatushinda.

Mwalimu Mutisya akarudi, na ubao ukageuzwa. Niseme haki yake: alitupa kanuni, na kanuni zilipokuja nilikuta miguu yangu inazijua tayari. Mtihani nikapita. Baba alichinja mbuzi, akawaambia wageni kwamba ni kiboko cha Mutisya kilichonivusha. Nilimpenda baba, lakini siku hiyo nilimkasirikia hata nikaiacha nyama, nikatoka nje.

Siku hizi mjukuu wangu anajifunza Kichina kwa simu. Amelala kwenye kochi, mguu juu ya mto, anatamka kwamba anakimbia, na simu inampigia makofi. Nikimwambia ainuke akimbie kweli, anacheka mpaka anakohoa. Mwalimu wao wa shuleni alipohamishwa mwaka jana, watoto walimfungulia kundi kwenye simu, wakamsalimu asubuhi na jioni mpaka akachoka nao. Nawaonea wivu, nakiri. Kwetu mwalimu akihamishwa ndiyo alikuwa amekwenda, na mtoto hakuwa na njia ya kumtumia neno. Nimeinuka mara nyingi nikiandika haya, na kila nikirudi kuketi ninajiuliza lile lile: kama huko Mutomo kuna mtu aliyewahi kumwambia Mwalimu Kilonzo kwamba nilipita.