Nilimpeleka baba yangu kuogelea na papa, hapa Bukavu

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Asiyeamini simlaumu, hata maman wangu alicheka kwanza ndipo akaamini.

Kiswahili changu ni cha huku, mnivumilie.

Mimi na baba tulikuwa hatuongei karibu miaka miwili. Ni mwalimu mustaafu wa hesabu, anakaa Bagira. Mimi nilikuwa seminari, nikatoka, sasa natengeneza simu Nyawera. Yeye alikuwa ameshatangazia parokia nzima kwamba mtoto wake atakuwa padri. Tukikutana kwenye misa, alikuwa anasalimia viatu vyangu.

Siku moja niko kwa moto, ile pikipiki ya abiria, naona kibao kipya kando ya ziwa: KARIBU UOGELEE NA SAMAKI NA PAPA.

Nyinyi wa pwani mmeshaelewa. Lakini kwetu papa ni baba. Yule samaki wa meno tunamuita requin, kama Wafaransa. Kwa hiyo nilichoelewa mimi: kuna bwawa, kuna samaki, na ni mahali pa watu kuja na baba zao.

Nikaona hapa ndipo pa kumalizia maneno yetu.

Nikapitia kwa maman, yeye akamfikishia baba. Muzee akauliza kama kweli wameandika "Papa". Akaambiwa ndiyo, kwa herufi kubwa. Akakubali.

Jumamosi akashuka kwenye minibus na koti, tai, viatu vinang'aa. Tukatembea, yeye mbele, mimi nyuma.

Mlangoni kulikuwa na maman mmoja anagawa miwani ya maji na ile bomba ya kupumulia. Nikamuambia nimekuja na papa. Akanijibu kwa upole:

"Hapana, watu hawakuji na yao. Papa iko mule ndani tayari, iko mbili."

Baba akamuuliza, kwa sauti ya darasani, hao wawili ni papa wa nani.

"Ni wa patron, mwenye bwawa. Moja iko nalala. Ile ingine haiume sana."

Baba akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nitoke seminari. Nilijua anaondoka. Akaanza kufungua tai.

(Baadaye aliniambia alidhani ni wazee wawili wenye akili imeharibika, watoto wao wamewatupa pale. Hakuweza kuondoka bila kuwasalimia.)

Bwawa lenyewe ni la simenti, ukubwa wa darasa, limepakwa bluu, tilapia wamejaa. Baba alizaliwa Kalehe, anaogelea vizuri. Mimi najidai tu.

Nikaweka uso ndani ya maji. Tilapia wananipita karibu na masikio, raha kabisa. Halafu nikaona pezi jeusi limesimama, linakuja moja kwa moja kwangu.

Wakuu, sala zote za seminari zilinitoka. Nikameza maji, nikapiga miguu, nikapoteza juu ni wapi na chini ni wapi.

Mkono ukanishika shingo kwa nyuma.

"Simama," baba akasema. "Maji inakufika kwenye kifua."

Nikasimama. Kweli, kifuani.

Akanipa bega lake nishike. Mkono wa pili akauzamisha, ukatoka na papa. Alikuwa kambare, mrefu kama mkono wangu, mgongoni amefungiwa kwa lastiki pezi lililokatwa kwenye bidon ya plastiki. Baba akalifungua polepole, kama anamvua mtoto kiatu. Lastiki ilikuwa imemchubua yule samaki.

Patron akaja mbio. Ndiye aliyeandika kibao, aliishi Dar miaka mingi. Akasema tumeharibu papa wake, tena papa wa maji baridi huwa hana meno.

Baba akamuuliza papa ameanza kufuga ndevu tangu lini.

Baba akazamisha mkono tena, akamfungua na yule aliyelala.

Wateja wengine walikuwa wameshapanda ukuta. Mama mmoja akamuuliza baba kama yeye ndiye Papa wa kwenye kibao. Akajibu ndiyo.

Tukakaa kwenye jua kujikausha, yeye na kaputula ya kuazima. Nikamuomba msamaha kwa kumleta pale. Akakunja tai yake, halafu akasema:

"Mambo ya padri ilishaisha. Mimi nilisikia kwa majirani kama umetoka. Ungeniambia mimi."

Nikamuambia niliogopa.

Akasema leo ameona namna ninavyoogopa.

Sasa kila Jumamosi ananifundisha kuogelea ziwani. Anakasirika vilevile kama kwenye hesabu.

Nilichojifunza: kama umegombana na mzazi, usingoje siku nzuri wala maneno mazuri. Sababu yoyote ya kumtoa nyumbani inatosha, hata ya kijinga.

Kwenu wa Tanga na Unguja: muzee anauliza kama mnamkula papa, na ngozi yake mnaitoaje. Majibu atayasoma yeye mwenyewe, anashika simu yangu sasa hivi, kwa hiyo andikeni kwa adabu. Makosa ya herufi anasahihisha.