Mheshimiwa Hanywi Kwenye Bati

Utotoni kwao Makunduchi, Vuai alimjua Kaburu kutoka redioni. Kaburu kafanya hivi, Kaburu kaua kule, na Vuai akamchora kichwani kama zimwi lenye pembe na kucha. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atamkuta mwenyewe, hapa Johannesburg, mtaa wa Linden, na kwamba kazi yake itakuwa kumpeleka chooni.

Ndivyo ilivyokuwa, mwaka ule wa 2017. Mzee Lourens Swiegers, naibu waziri wa zamani katika serikali ile ya makaburu, alikuwa na miguu iliyokwisha kugoma na mdomo uliokataa kustaafu. Na mwili! Kiboko amemeza kiboko mwenzake. Watunzaji waliomtangulia Vuai waliondoka wameshika viuno. Lakini Vuai alikuwa mchukuzi bandarini Malindi, huko huko kisiwani kwao, kabla hajaja Sauzi, gunia la mchele kwake ni mto wa kulalia.

"Mimi hata tembo nambeba, mama, mradi anyamaze," alijitapa siku ya kwanza mbele ya Annelien, binti wa mzee.

Tembo akabebeka. Kunyamaza ndiko kulikomshinda.

"Sisi hatukumchukia mtu mweusi hata siku moja," mzee alianza asubuhi ile ile, mikono kaizungusha shingoni kwa Vuai, miguu inaning'inia kama ya mtoto. "Tulisema tu kila taifa lijiendeleze kwao, kwa mwendo wake. Ule ulikuwa ujirani mwema. Unanielewa, Willie?"

Willie ndiye Vuai. Herufi nne zilimshinda mtu aliyewahi kukaa ofisini na rula akiikata nchi nzima vipandevipande. Vuai naye akampa jina lake: Mheshimiwa. Mzee alipoelezwa maana yake alifurahi mpaka mashavu yakatikisika. Hakujua kwamba kwetu jina hilo unaweza kumtamkia mtu ukamvua nguo zote.

Na ile hotuba haikuwa ngeni kwa Vuai, na hilo ndilo lililokuwa linamkera zaidi. Miaka miwili nyuma alikuwa na meza yake pale Jeppe, anauza mikanda na chaja za simu. Siku ya vurugu za kuwafukuza wageni akasimama bwana mmoja, mweusi kama yeye, spika mkononi, nyuma yake vijana wana marungu. "Hawa ndugu zetu hatuwachukii," alisema yule bwana kwa upole kabisa. "Tunasema tu waende wakajenge kwao." Upole ulipokwisha, meza ilikuwa kuni. Sasa hapa Linden mzee wa Kizungu anamwagia sikioni maneno yale yale, na mate juu. Vuai akajisemea: kumbe hotuba hii haina rangi, inavaa koti la yeyote anayetaka kukuhamisha.

Jioni, kwenye saluni ya Pitchou pale Bertrams, Vuai alikuwa anamwigiza mzee. Anajaza mashavu pumzi, anatoa tumbo, anainua kidole. Pitchou, Mkongomani wa Lubumbashi, alikuwa anazima mashine ya kunyolea asije akamkata mtu sikio kwa kicheko.

"Ule muzee wako alisema nini leo?"

"Leo kasema Mungu angetaka samaki akae na ndege angempa mbawa."

"Eh! Na yeye ni nini, samaki ao ndege?"

"Yeye? Yeye ni mzigo, kaka. Samaki anaogelea, ndege anaruka, yule nambeba mimi."

Sasa siku moja Annelien akamvuta Vuai jikoni. Kuna binti wa chuo kikuu, Refilwe, anatengeneza filamu ya wazee wa serikali ile. Atakuja Jumamosi na kamera. "Baba anataka na wewe useme neno," alisema Annelien. "Kwamba anakuheshimu. Kwamba hapa unaishi kama mtu wa nyumbani. Maneno machache tu."

"Na nikikosa la kusema?"

Annelien alipangusa meza isiyokuwa na uchafu. "Willie, Wamalawi wanaotafuta kazi ni wengi."

Basi ikawa hivyo: aseme uongo mbele ya kamera, au arudi barabarani kuuza mikanda na kusubiri marungu mengine.

Mkewe Mwanaasha, mtu wa Tanga, hakuona tatizo liko wapi. "Baba Nasra, sema urudi na kazi yako. Ulimi hauna mfupa."

"Mfupa hauna, lakini una mwenyewe."

"Mwenyewe huyo atakula nini?"

Pitchou naye hakusaidia. "Ukisema ule muzee anakupendaka, tutakuona mu simu, siye bote ba Bertrams. Sitakunyoa tena! Utaenda kwa Linden bakunyoe kule!"

Jumamosi ilipofika Vuai alikuwa ameshaamua. Atasema. Atalitema kama dawa chungu, halafu afe nalo. Akamwogesha mzee, akamvalisha suti na tai, akampaka mafuta mpaka kichwa kikang'aa kama sahani ya pilau. Refilwe akaja, binti wa Soweto, msuko mrefu, mpole wa sauti. Akaifunga kamera kwenye stendi. Mzee akafunguka.

Lo! Ujirani mwema ukatoka. Kila taifa na mwendo wake ukatoka. Samaki na ndege wakatoka. Alisema watu hawakuhamishwa kwa nguvu, walisaidiwa kuhama. Alisema sheria za pasi, zile za mweusi kutembea na kibali, zilikuwa za kumlinda asipotee mjini. Mtu anakupiga teke kisha anakueleza kwamba alikuwa anakupangusia suruali! Refilwe alikuwa anaandika tu, shingo imemkakamaa.

"Na kama huamini, binti yangu, muulize Willie," mzee alisema, sauti imeanza kukauka. "Willie! Tuletee chai. Na yako pia, ukae hapa na sisi."

Mwaka mzima Vuai hajawahi kukaa kwenye kochi lile. Akaenda jikoni akachemsha maji. Vikombe vya kauri vyenye maua akavitoa kabatini, cha mzee, cha Annelien, cha mgeni. Cha kwake akakitoa kinakokaa siku zote: chini ya sinki, pembeni ya dawa ya choo na matambara ya kudekia. Kikombe cha bati, cha buluu, kimebanduka mdomoni. Hakufanya kusudi, wallahi. Mkono ulishazoea njia.

Akatua sinia. Akakaa ukingoni mwa kochi kama kuku kwenye dirisha.

Refilwe akakiona kikombe. Kalamu ikasimama.

"Bibi yangu alikuwa nacho kama hiki," alisema taratibu. "Hakuwa nacho nyumbani kwetu. Kilikuwa jikoni kwa watu aliowafanyia kazi. Bwana Swiegers, mbona chake ni cha bati?"

Annelien akafumba macho. Mzee yeye hata hakushtuka.

"Ah, anakipenda mwenyewe! Si hivyo, Willie? Mwambie."

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu, ndiyo, na kazi ipo. Vuai akafungua mdomo, akaishia kupuliza chai yake. Mzee hakumngoja, akajisaidia mwenyewe:

"Hakuna aliyesema kikombe kile ni kibaya, binti. Ni kizuri sawa na changu. Pengine ni bora, hakivunjiki! Ila ni chake, na hiki ni changu. Kuna dharau gani hapo?"

"Kumbe ni bora, Mheshimiwa?" Vuai aliuliza.

"Bora kabisa."

"Basi mwaka mzima nimekukosea adabu. Kwetu kilicho bora anapewa mkubwa." Akachukua kikombe cha bati akakiweka mbele ya mzee, taratibu, mpini umemwelekea. Kile cha maua akakivutia kwake. "Karibu chai."

Mzee alicheka. Akacheka peke yake. Mkono ukatoka, ukafika nusu ya njia, ukarudi kujikuna goti.

Akaanza kuhutubia. Bati linaunguza midomo. Halafu kuna mambo ya afya, si kwa Willie, kwa jumla tu. Halafu desturi, baba yake naye alifanya vile, na desturi ni nguzo ya taifa. Koo limemkauka, anakohoa, anameza mate ambayo hayapo, na chai imekaa chini ya pua yake inaota ngozi. Kamera ilikuwa inaangalia tu.

"Baba, kunywa yaishe," Annelien alinong'ona.

Hakunywa. Mtu aliyeshawishi bunge zima alishindwa kuushawishi mkono wake mwenyewe. Vuai akapiga funda kwenye kile cha maua. Chai ilikuwa ile ile.

Refilwe alipoondoka tu, Annelien akamgeukia Vuai, shingo nyekundu. "Chukua vitu vyako. Usirudi tena."

"Sharp," alisema Vuai, ile sawa ya watu wa Johannesburg. Akachukua koti, akatoka. Alifika kwenye robot ya kona, yaani taa za magari, anafikiria atamwambia nini Mwanaasha. Utamwambiaje mke kwamba kazi imekwenda na kikombe? Mara akasikia viatu vinakimbia nyuma yake.

Ni Annelien, pumzi juu juu. "Willie... Baba anataka kwenda chooni. Nimejaribu kumnyanyua, siwezi. Tafadhali. Analia."

Vuai alimtazama.

"Wale Wamalawi wengi hawapo?"

Annelien akainama.

"Nitambeba leo na kesho na kesho kutwa," alisema Vuai. "Lakini mimi ni Vuai. Na ninapombeba sitaki hotuba. Hata nusu."

Wakarudi. Mzee alikuwa amebana mapaja, jasho linamtoka, tai imepinda. Vuai akainama, mikono ile minene ikamkaba shingo, akamnyanyua kama hajanyanyua kitu. Wakaingia kwenye ujia wa kwendea chooni.

"Unajua, Willie," mzee alianza, shavu lake limelalia shavu la Vuai, "nia yetu siku zote ilikuwa..."

Vuai akasimama. Pale pale, katikati ya njia, mlango wa choo unaonekana.

"Mheshimiwa," alisema kwa upole kabisa, "tunahutubia au tunakwenda chooni?"

Mzee alipumua kwa nguvu. Akauangalia mlango. Akafunga mdomo.